Motokari ngumu si motokari yenye nguvu



Toka Bunia mpaka Lubumbashi, peleka kamionete kwa fundi, umwambie kwamba sanduku lake la nyuma linashuka. Atakujibu neno moja: «Ongeza jani.» Mwambie kwamba inarusha watu. Atakujibu: «Ndivyo ilivyo, hii si motokari ya mjini.» Naye mwenye motokari anacheka, analipa, anakwenda zake na furaha, maana sasa ana chombo kigumu, na kwake ugumu ndio nguvu.

Maneno hayo mawili ni uwongo. Tunasema hivyo bila kuwadharau mafundi, maana wengi wao ni watu hodari. Lakini uwongo huo una bei yake, na wanaoilipa si wale wanaokaa mbele karibu na shofere.

Chombo chenyewe

Tusiitukane motokari. Wengi wetu tunaijua Toyota Land Cruiser ya namba 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Inavuka matope ambamo nyingine zinalala siku tatu. Tangu mwaka 1999 kamionete ya namna hiyo ina resori za kujizungusha mbele, lakini nyuma imebaki na resori za majani, yaani vile vyuma virefu vilivyolaliana, kirefu juu na kifupi chini. Kiwanda kilizipima kwa ajili ya mzigo wa karibu tani moja.

Hapo ndipo shida inapoanza. Resori iliyopimwa kwa tani moja haijui kwamba leo imebeba mama mmoja mwenye mimba, dada yake na kikapu cha nguo. Uzito ukiwa mkubwa, resori inapanda na kushuka polepole. Uzito ulio juu yake ukipungua mpaka robo, resori ileile inaruka upesi mara mbili. Na mwili wa mtu aliyekaa hauchukui kila mtikiso sawasawa. Unaoumiza zaidi uti wa mgongo na tumbo ni ule wa kupanda na kushuka mara 4 mpaka 8 kwa sekunde. Wenye elimu wamelipima jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa hata sheria: kila mwenye kuajiri watu aupime mtikiso unaoingia katika mwili wa mfanyakazi, kama vile shofere wa trakta, na aupunguze ukizidi kiasi. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya matajiri. Iliwekwa kwa ajili ya watu wa kazi.

Sasa fundi anaongeza jani. Kama resori ina majani 5 yaliyo sawa, jani la 6 linaongeza ugumu kwa sehemu moja ya tano. Lakini mara nyingi jani analoleta si sawa na mengine. Ni kipande cha resori ya kamio kubwa, kilichokatwa na kutobolewa. Hapo hesabu inakuwa mbaya kabisa, kwa sababu jani lenye unene mara mbili lina ugumu mara nane. Mtu anadhani ameongeza jani moja, kumbe ameongeza manane.

Nani analipa?

Tazameni kamionete hiyo Jumanne asubuhi. Jana ilibeba simenti. Leo inapeleka wagonjwa hospitali. Mtu aliyevunjika mguu analala juu ya godoro jembamba, nyuma kabisa ya magurudumu, mahali panaporuka kuliko pote. Kila shimo linagonga mfupa uliovunjika. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Muuguzi hawezi kumpima damu wala kuishika sindano. Wakifika, watu wanasema: «Safari ilikuwa ngumu.» Hapana. Safari ilifanywa ngumu, na aliyeifanya ana jina na ana franka mfukoni.

Tazameni tena mchuuzi wa nyanya. Analipa nafasi ya vikapu vitano, na akifika sokoni kikapu kizima ni maji matupu. Hakuna anayemrudishia kitu. Tazameni shofere mwenyewe, kijana wa miaka thelathini anayeshuka motokarini akishika kiuno kama mzee. Maumivu ya mgongo kwa watu wanaotikiswa kila siku kazini ni jambo linalojulikana sana kwa waganga. Sisi tunasema tu kwamba amezoea.

Maneno ya wanaotupinga

Wa kwanza anasema: «Kukaa vizuri ni mambo ya wakubwa. Maskini anashukuru kufika.»

Ndugu, hujui habari za chombo unachokipanda. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipewa hati ya mpira wenye upepo ndani. Robert William Thomson alikuwa ameifikiria kazi hiyo mwaka 1845, lakini watu waliisahau. Dunlop alianza na nini? Alianza na kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mtoto wake, kilichomtikisa juu ya mawe. Mipira ya upepo inayozunguka leo katika barabara zetu imetoka katika huruma ya baba kwa mtoto wake.

Tena, katika miaka ya 1930, Pierre-Jules Boulanger, mkubwa wa kiwanda cha Citroën huko Ufaransa, aliwaagiza mafundi wake watengeneze motokari ndogo ya wakulima. Ibebe wakulima wawili na kilo 50 za viazi, na ikivuka shamba lililolimwa na kikapu cha mayai ndani, yai hata moja lisivunjike. Motokari hiyo, yaani 2CV, ilionyeshwa kwa watu mjini Paris mwaka 1948. Resori zake zilikuwa laini kuliko za motokari nyingi za matajiri. Basi msituambie kwamba ulaini ni wa wakubwa. Mkulima ndiye mwenye mayai, na mkulima ndiye mwenye barabara mbaya.

Wa pili anasema: «Bila jani la ziada, motokari itavunjika kwa mzigo.»

Neno hili linaonekana lina akili, kwa hiyo tulijibu vizuri. Ukiongeza jani, umeongeza nini? Je, breki zimekuwa kubwa? Ekseli imekuwa nene? Beringi za magurudumu na chesisi zimepata chuma kipya? Hapana. Umeongeza kitu kimoja tu: sanduku halishuki tena. Kushuka kwa sanduku kulikuwa ndimi za motokari, kulikuwa kukikuambia: «Bwana, umezidisha.» Wewe umeukata ulimi huo. Sasa unapakia tani moja na nusu, motokari imesimama wima kama askari, nawe unasifu. Siku breki zinaposhindwa katika mteremko, unasema ni bahati mbaya. Jani la ziada haliponyi mzigo uliozidi. Linauficha.

Wa tatu anasema: «Kosa ni la barabara. Serikali itengeneze barabara kwanza.»

Ni kweli, barabara zetu zinatia aibu, na wenye wajibu wa kuzitengeneza hatuwatetei. Lakini nani amezikunja barabara za udongo, zikawa kama bati la nyumba? Mvua huchimba mifereji na mashimo. Mikunjo ile midogo inayofuatana huletwa na magurudumu yenyewe: linaruka, linapiga chini, linasukuma udongo, na la nyuma yake linapiga palepale. Gurudumu gumu linalokwenda kwa kasi linapiga kwa nguvu zaidi. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, idara ya misitu ya serikali ilijaribu makamio ya mbao yaliyopunguziwa upepo katika mipira kwenye njia za udongo, na njia hizo zikaharibika kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo mwenye motokari ngumu anayelaumu barabara ni sawa na mtu anayekanyaga shamba la jirani huku akilalamika kwamba mahindi yamelala.

Tufanye nini?

Hatuombi motokari mpya. Hatuombi hata resori mpya siku ya kwanza. Tunaomba mambo yafuate mpango, tukianza na yale yasiyo na gharama.

Jambo la kwanza ni upepo wa mipira. Kuna mashofere wanaojaza mipira ya nyuma kwa ajili ya tani moja, kisha wanatembea wiki nzima sanduku likiwa tupu. Mpira uliojazwa hivyo ni jiwe. Kando ya mlango wa shofere kuna maandishi ya kiwanda yanayoonyesha kipimo cha upepo. Yasomeni. Pimeni asubuhi, mipira ikiwa baridi, kwa kipimo cha kweli, si kwa kupiga teke. Upepo uwe wa mzigo wa leo, si wa mzigo wa jana. Lakini angalieni: msishuke chini ya kiasi cha kiwanda kisha mkakimbia, maana mpira unaojikunja sana unapata moto na kupasuka. Na mzigo ukirudi, upepo urudi.

La pili ni usafi. Majani ya resori yanapaswa kuteleza moja juu ya jingine. Yakishikwa na kutu na matope yaliyokauka, yanakuwa kipande kimoja cha chuma, na katika mashimo madogo resori haifanyi kazi hata kidogo. Mipira peke yake ndiyo inayobaki kuchukua mapigo. Yafungueni, msugue kutu, mpake grisi kidogo. Angalieni pia pini na bushi katika ncha za resori. Zikiwa zimeganda, ni kazi bure kununua kitu kingine. Kazi hii inataka siku moja na mikono, haitaki fedha nyingi.

La tatu ni amortisere. Resori inachukua pigo, amortisere inatuliza mruko kwa kuligeuza pigo hilo kuwa joto ndani ya mafuta. Ikiwa mafuta yake yametoka, motokari inaendelea kuruka baada ya shimo kupita, na gurudumu linaacha ardhi. Badilisheni zote mbili za ekseli moja kwa pamoja. Na mnunue za namna inayofaa motokari yenu na mzigo wenu. Amortisere ngumu kupita kiasi, inayosifiwa dukani kwamba ni «ya nguvu», inarudisha taabu ileile kwa mlango mwingine.

La nne ni majani yenyewe. Ondoeni kile kipande cha kamio. Motokari inayobeba watu zaidi ya mizigo irudishiwe majani ya kiwanda. Ikihitaji msaada, jani la msaada likae chini kabisa, lisiguse mpaka mzigo uingie. Mwenye uwezo anunue resori zenye majani machache, manene katikati na membamba katika ncha, yasiyosuguana kwa urefu wake wote. Hizo hubeba mzigo na bado hulainisha njia.

La tano ni mahali pa mtu. Mgonjwa asilazwe nyuma ya magurudumu. Alazwe mbele ya sanduku iwezekanavyo, kati ya ekseli mbili, kwa maana hapo panaruka kidogo. Godoro liwe nene kiasi ambacho mwili haugusi chuma. Kama sanduku ni tupu kabisa, mifuko michache ya mchanga iliyofungwa vizuri juu ya ekseli ya nyuma itaituliza. Ifungwe kweli, isije ikamwangukia mtu.

La sita halinunuliwi: ni mguu wa shofere. Wako wanaosema kwamba juu ya mikunjo ya barabara ni vizuri kukimbia, ili motokari ipite juu juu. Ni kweli kwamba mtikiso unapungua, na breki nazo zinapungua, pamoja na usukani, kwa sababu magurudumu hayashiki tena ardhi. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Hawakuwa na motokari, lakini walijua njia.

Neno la mwisho kwa mwenye motokari

Bwana, hatukuhukumu kwa kuwa na motokari ngumu. Ilitoka kiwandani hivyo, na ina sababu zake. Tunakuhukumu kwa kuifanya iwe ngumu zaidi, halafu kukaa mbele juu ya kiti chenye sponji, na kuwaambia walio nyuma wavumilie.

Tunakupa jaribio moja. Usiku wa leo usifikiri sana, wala usiulize fundi. Kesho, mwachie mwingine kiti cha mbele. Wewe panda nyuma, kaa juu ya ubao ule wa pembeni, sanduku likiwa tupu, toka Kamanyola upande Ngomo mpaka Bukavu. Usisimame wala usishuke kunyosha miguu. Ukifika, nenda kwa fundi yuleyule, umsikilize akikuambia tena: «Ongeza jani.» Hapo ndipo utakapojua jibu la kumpa.