Rushwa Haina Itikadi

Wapo wadaio kwamba rushwa ni mtoto wa ubepari. Wengine huusingizia ujamaa. Historia ya Tanzania inawaumbua wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Hata hivyo, mwaka 1983 Taifa lilipambana na walanguzi waliohodhi bidhaa adimu. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1996 Tume ya Warioba ikakuta rushwa imetapakaa serikalini. Kilichobadilika ni kutoka kibali hadi zabuni. Mwalimu aliyepanga foleni ya sabuni hakuonyeshwa daftari la mgao; mwananchi apitaye leo kwenye barabara iliyobomoka ni nadra kuonyeshwa mkataba wake.