Neno Lifunuliwe Kabla ya Kukaririwa



Kwa maoni yangu, sisi wanafunzi tunakariri maneno mengi ya sayansi bila kujua yalikotoka, na hasara yake twaiona siku ya mtihani. Nitatoa mfano wa neno moja tu, nalo ni la maziwa.

Warumi wa kale waliyaita maziwa lac, na walipotaka kusema "ya maziwa" walisema lactis. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zimelirithi neno hilo: Mwitalia husema latte, Mfaransa lait, Mhispania leche, Mreno leite, na Mromania lapte. Sura zimebadilika, lakini ukoo ni mmoja.

Sasa tazameni faida yake darasani. Ajuaye neno lac hasumbuki na laktosi, maana ni sukari ya maziwa. Asidi ya laktiki nayo ndiyo iyatiayo maziwa uchachu. Lakini mwanafunzi atauliza: mbona asidi hiyo imo pia katika misuli ya mtu apandaye mbio mlima wa Soni kuja Lushoto? Je, misuli ina maziwa? La, hasha. Mwaka 1780 Carl Wilhelm Scheele aliipata katika maziwa yaliyochacha, na jina likabaki hata ilipoonekana kwingine.

Hata mabondeni kwetu neno hilo lipo. Letusi, ambayo wazazi wetu huilima pamoja na kabichi na karoti, Warumi waliiita lactuca, kwa kuwa shina lake likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Basi mtoto wa mkulima ameuona utomvu huo tangu utotoni, wala haambiwi kwamba ndio ufunguo wa somo lake.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi na muhtasari ni mrefu. Walakini kulifunua neno ni kazi ya dakika mbili, na kulikariri bila maana ni kazi ya usiku kucha, kisha asubuhi limetoroka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waheshimiwa waandike ubaoni shina la kila neno geni kabla ya maelezo. Nasi wenzangu, kila mmoja awe na daftari la mashina hayo. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini sisi tumeletwa shuleni ili tuambiwe.