Mimbari na kliniki

Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Pwani ya Kenya. Manusura walisema mhubiri Paul Mackenzie aliwahimiza wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, na hospitali wakakatazwa. Ajabu ni kwamba miili ilipelekwa hospitali ya Malindi. Mochari ikafurika, na jamaa wakapanga foleni kutoa sampuli za DNA.

Pwani inajua Ukristo wa namna nyingine. Kule Kaloleni ipo Hospitali ya St. Luke's ya Kanisa la Kianglikana, na hakuna anayeona dawa zake kuwa ni kupungukiwa imani.

Kumlaani Mackenzie pekee hakutoshi. Wachungaji wa Malindi watangaze kanisani, pamoja na sadaka na harusi, siku za chanjo na kliniki ya wajawazito.