Kabla ya rangi ya tovuti, muulize fundi namba ya kikao inatoka wapi

Wauzaji wenzangu wakitengenezewa tovuti, maswali ni yale yale: logo ikae wapi, rangi gani, malipo ya simu yatakubali? Sawa. Ila mimi naona swali la kwanza ni hili: mteja akishaingia kwenye akaunti yake, namba ya kikao inatengenezwaje?

Hiyo namba ni kama kile kikadi unachopewa ukiacha begi mlangoni supamaketi. Mlinzi haangalii sura, anaangalia kikadi. Tovuti nayo inauliza nenosiri mara moja tu, baada ya hapo inamtambua mteja kwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu yake. Mwenye namba ndiye mteja. Anaona oda, anabadilisha pa kupeleka mzigo. Na ikiibwa ya kwako mwenye duka, mwizi yuko stoo.

Sasa wapo mafundi wanaogawa 1001, 1002, 1003. Wengine wanachukua saa na namba ya simu ya mteja, wanakoroga kwa MD5 ionekane ya kutisha. Jamani, ukijua kilichotiwa sufuriani, na uji unaujua. Mwaka 1995 Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Berkeley, waliweza kukisia funguo za siri za Netscape kwa sababu zilianzia kwenye saa na namba nyingine za kubahatishika. Na hiyo ilikuwa Netscape!

Kinachotakiwa ni biti 128 za bahati nasibu kutoka kwenye mfumo wa seva wenyewe. Kwa PHP ni random_bytes(16), kwa Python ni secrets.token_hex(16). Mstari mmoja.

Fundi akisema hiyo itafanya tovuti iwe nzito, usikubali. Ni baiti 16 tu. Picha yako moja ya viatu inakula muda mwingi zaidi. Wala hana haja ya kupekua hifadhidata kila mara kuona kama namba imeshatolewa, maana kwa biti 128 mbili kufanana ni jambo la kulisahau.

Halafu namba ibadilishwe mteja akishaingia, isafiri kwa https tu, na isikae kwenye linki. Hapo kwenye linki nakazia, sisi watu wa WhatsApp tunatumiana linki kutwa nzima. Unaweza kumtumia mtu picha ya gauni kumbe umempa na akaunti yako.

Mwambie fundi akuonyeshe huo mstari. Akizungukazunguka, ile nusu ya pesa iliyobaki ikae kwanza kwako.