Ati Video Si Ushahidi Tena

Kuna kauli imezuka vijiweni na redioni, nayo inachosha: “Siku hizi video si ushahidi, kila kitu ni AI.” Anayeitoa huegemea kiti kama hakimu aliyekwisha maliza kesi. Hiyo video yenyewe hajaitazama. Hajui imepigwa wapi wala lini. Anachojua ni kwamba kompyuta inaweza kuchora papa mwenye miguu, basi na maiti zilizolala barabarani nazo zimechorwa.

Waliotangulia kuutumia ujanja huu hawakuhitaji hata AI. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare za jeshi wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili, mmoja akiwa mgongoni mwa mama yake, kisha wakawapiga risasi. Waziri wa Mawasiliano wa Kameruni, Issa Tchiroma Bakary, akasema ni uzushi: silaha si za jeshi la nchi yake, na sare vilevile.

BBC Africa Eye, wakisaidiana na Amnesty International na watafiti wengine, hawakupoteza muda kubishana naye. Walitazama mlima. Nyuma ya watu wale kuna safu ya vilele; wakailinganisha na sura ya ardhi kwenye Google Earth hadi ikaoana na milima iliyo karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kameruni, jirani na mpaka wa Nigeria. Picha za setilaiti zikaeleza ni majengo yapi yalikuwepo mwaka gani, na kijia gani huonekana wakati wa kiangazi tu. Kikabaki kivuli cha askari anayetembea: kwa kukipima, tarehe ikabanwa kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Bunduki mojawapo ilikuwa Zastava M21, inayobebwa na baadhi ya vikosi vya Kameruni.

Shahidi gani wa macho angekumbuka kivuli cha askari baada ya miaka mitatu?

Septemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwatia hatiani askari watano. Wanne walipewa miaka 10, adhabu ya kupapasa kwa roho nne. Tchiroma naye, mwaka 2025, wakati huo akiwa mgombea urais wa upinzani, alitoa mtandaoni hesabu zake za kura akitaka dunia imwamini. Mtandao huwa mwongo kwa zamu, inaonekana.

Wengine hudai mambo haya ni ya wenye ofisi London. Waulize Bukavu, mashariki mwa Kongo. Huko, Septemba 2018, mahakama ya kijeshi iliwafunga maisha makamanda wawili wa wanamgambo kwa mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, ambayo hunasa saa na mahali, kisha huifunga picha ili mtu akiichezea ijulikane.

Kama kuna wa kugombezwa, ni wale wanaopokea video ya mauaji kwenye WhatsApp, wakaibandikia wimbo wa kwaya, emoji tatu za machozi na jina la akaunti yao, ndipo wakairusha kwa kila kundi. WhatsApp huibana video na kuondoa taarifa zilizofichika ndani yake. Mwongozo wa Berkeley kuhusu uchunguzi wa ushahidi wa mtandaoni, uliotolewa mwaka 2020 na chuo kikuu cha jina hilo pamoja na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, unasisitiza kuhifadhi faili la awali kama lilivyo. Wapenda kwaya hawajausoma.

Nairobi nako, Aprili 2025, BBC ilitoa filamu ya Blood Parliament. Ilichambua picha zaidi ya 5,000 za maandamano ya Juni 25, 2024, na kuwatambua askari waliowapiga risasi vijana nje ya Bunge. Kwa kitu kisicho ushahidi, kiliwahangaisha wakubwa kweli kweli. Wapo wabunge waliotaka BBC ifungiwe. Onyesho la filamu hiyo jijini likafutwa. Mwanzoni mwa Mei watengeneza filamu wanne wakakamatwa, ingawa BBC ilisema hawakuhusika na kazi hiyo, na polisi wakaondoka na vifaa vyao.