UCHUMI UKIZOROTA, MZIGO USIBEBWE NA MFANYAKAZI PEKE YAKE



Wengi wetu hudhani kwamba pesa za intaneti haziguswi na hali mbaya ya uchumi. Basi tujiulize kwanza pesa hizo zinatoka wapi. Google na Facebook, pamoja na ukubwa wao, zinakula matangazo ya biashara. Mwenye benki, mwenye kiwanda cha sabuni na mwenye hoteli hulipa ili watu waione bidhaa yao. Uchumi ukizorota, wateja hupungua, na tajiri hutafuta cha kukata. Umeme hawezi kuukata, kodi hawezi kuikwepa, lakini tangazo la intaneti analisimamisha siku hiyo hiyo.

Jambo hili limekwisha kuonekana. Nchini Marekani matangazo ya intaneti yaliingiza kiasi cha dola bilioni 8 mwaka 2000. Kufika 2002 yalikuwa yameshuka hadi bilioni 6. Uchumi wa dunia ulipoanguka tena, yalitoka bilioni 23.4 mwaka 2008 yakawa bilioni 22.7 mwaka 2009. Hapo intaneti ilijikwaa tu. Walioanguka ni wanyonge: matangazo ya magazeti ya nchi hiyo yalitoka karibu dola bilioni 45 mwaka 2007 hadi chini ya bilioni 28 mwaka 2009. Gazeti la Rocky Mountain News la mji wa Denver, lililokaribia miaka 150, lilifungwa Februari 2009, na watu wake wakakosa kazi.

Sasa tutazame mwaka 2022. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, iliona mapato yake ya mwaka yakipungua kwa mara ya kwanza, kutoka dola bilioni 117.9 hadi 116.6. Hofu ya uchumi ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni simu za Apple, ambazo tangu 2021 zilizuia watu kufuatwafuatwa na wenye matangazo, na ushindani wa TikTok. Hata hivyo faida ilibaki dola bilioni 23. Pamoja na hayo, Novemba 2022 wafanyakazi 11,000 walifukuzwa, na Machi 2023 likatangazwa fungu jingine la 10,000. Mwisho wa 2023 faida ilikuwa imepanda hadi bilioni 39. Pesa zilirudi, waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kwenda.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani. Januari 2023, mjini Nairobi, wafanyakazi wapatao 260 waliokuwa wakichuja picha na maneno mabaya ya Facebook waliambiwa kazi imekwisha. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliotoka nchi zetu jirani. Hawakuajiriwa na Facebook yenyewe bali na kampuni ya mkataba, nayo ilitaja hali ya uchumi. Walikwenda mahakamani, na tarehe 1 Mei 2023 wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Sisi tunaona somo ni moja. Mwaka mzuri faida ni ya mwenye kampuni. Mwaka mbaya hasara tunaambiwa ni yetu sote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati wa kuziba ufa ni sasa, kazi ikiwepo.

Kwanza, notisi na malipo ya kupunguzwa kazi yaandikwe katika mkataba kabla ya njaa kuingia. Pili, mwajiri anayesema hana kitu afungue vitabu vya hesabu mbele ya chama. Tatu, mfanyakazi wa kampuni ya mkataba apate haki sawa na wa kudumu, maana jasho ni lile lile. Nne, wale wanaolipwa kwa fungu la matangazo, kama watangazaji wa redio ndogo na watengenezaji wa filamu za YouTube, wajiunge nasi. Leo bei ya tangazo ikishuka, ujira wao unashuka usiku wakiwa wamelala, wala hakuna aliyewauliza.

Hatuwezi kuzuia uchumi wa dunia usizorote. Tunaweza kuzuia usizorote juu ya migongo yetu tu. Mmoja akienda ofisini peke yake kudai haya atafukuzwa. Tukienda wote tutasikilizwa.