Kichwa Kikubwa Si Mafuta

Mwandishi wa makala ya juma lililopita ameshauri: chagua alizeti mbili zenye vichwa vikubwa kuliko zote, zichavushane, mbegu bora imepatikana. Rahisi mno! Pasua kichwa kikubwa: mara nyingi katikati utakuta mapepe, na punje zilizojaa zina ganda nene. Mafuta yako kwenye kiini. Tena alizeti hizo mbili huenda ni za ukoo mmoja, na wazazi wa ukoo mmoja hawana jipya la kupeana. Mzazi hupimwa kwa uzao wake.

Wala kichwa kidogo si cha kudharauliwa: mwaka 1969, Mfaransa Leclercq alieleza utasa wa chavua, msingi wa alizeti chotara. Aliupata kwa kuchanganya alizeti ya shambani na Helianthus petiolaris, alizeti pori ya Marekani yenye kichwa kidogo. Angalifuata ushauri wa vichwa vikubwa, angaliing'oa kama gugu.